Utepe wa Njano Njia ya Kanja

Shemeji yangu ndiye aliyeniingiza katika mambo ya matope. Ameoa dada yangu mdogo, wanakaa Meru mjini, na kazi yake ni kusafirisha viazi na kabichi kwa lori hadi Isiolo na Maua. Siku za wiki yeye ni mtu wa lori. Jumamosi anavaa viatu virefu vya plastiki ngumu, anapanda pikipiki yake na kupotelea kwenye mashamba ya chai mpaka jioni. Dada yangu alikuwa akinipigia simu kulalamika. "Mwambie wewe. Wewe ni mwalimu, atakusikia." Nikaenda kumwambia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekubali kununua pikipiki.

Mpaka leo sielewi ilivyotokea. Ninafundisha hesabu katika shule ya wasichana upande wa Nkubu, na kwa miaka mingi nilikuwa nikienda kazini na kipikipiki kidogo kwa sababu barabara ya shule yetu haipendwi na magari. Kuendesha nilijua. Nisichojua kilikuwa kuendesha kwa ajili ya kuendesha tu, bila madaftari ya wanafunzi mgongoni. Pikipiki aliyonitafutia ilikuwa imetumiwa na mradi fulani wa mifugo ambao ulifungwa. Ilikuwa ndefu, nyepesi, yenye tairi za meno makubwa, ya aina ile inayokubali lami na matope. Nikiikalia, vidole vya miguu ndivyo tu vilivyogusa chini.

Kila msimu wa mvua chama cha waendeshaji huandaa safari ya pamoja. Mwaka huo ilikuwa tutoke uwanja wa Kinoru, Meru mjini, asubuhi, tupite juu juu kwenye chai, tukiepuka lami kila inapowezekana, tuvuke mto Thuci na kuingia Embu, tupumzike mahali fulani tupate chakula, kisha tumalizie Embu mjini kabla ya giza.

"Si mashindano," shemeji aliniambia. "Ni kufika tu."

"Na nisipofika?"

"Utafika. Kwani utaenda wapi kwingine?"

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu na manyunyu. Uwanja ulikuwa umejaa pikipiki za kila namna, na wanaume wenye sauti kubwa ambao wengi wao walitoka Nairobi usiku. Wanawake tulikuwa wachache sana, na nikiwa nimevaa kofia na koti lenye ngao za plastiki, hakuna aliyeweza kujua kama mimi ni mwanamke au mwanamume. Mtu mmoja alinipiga bega akaniita boss.

Kiongozi wa msafara alikuwa mzee mwembamba mwenye kipaza sauti ambacho betri yake ilikuwa inakufa. Alituelezea njia kwa Kiswahili, kisha Kiingereza, kisha Kimeru, na kila mara maelezo yalikuwa tofauti kidogo. Tufuate utepe wa njano uliofungwa kwenye miti. Utepe mmoja ni kwenda mbele. Tepe mbili ni kukata kona. Hapo kipaza sauti kikakoroma, na aliporudia nilisikia kwamba mbili ni hatari. Nikamwuliza shemeji, "Mbili ni kona au ni hatari?" Akasema kona zote ni hatari. Nilitaka kwenda kumwuliza kiongozi mwenyewe, lakini pikipiki zikawashwa zote kwa pamoja na sikusikia hata sauti yangu.

Mpaka Nkubu nilikuwa sawa. Tulipoacha lami na kupanda kuelekea kwenye chai ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Udongo wa kwetu ni mwekundu, na ukishalowa huwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Tairi la nyuma lilikuwa na mawazo yake. Nikielekeza usukani kushoto, pikipiki inafikiria kwanza, halafu inakwenda kulia. Matope yalijaa kwenye madigadi mpaka tairi la mbele likakataa kuzunguka, ikabidi nishuke niyachokoe kwa kijiti. Nilianguka mara nyingi, lakini polepole, kama mtu anayelala. Wafanyakazi wa chai waliokuwa wamejikinga mvua chini ya turubai walinitazama bila kucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kila nilipoanguka shemeji alirudi. Alishika nyuma ya pikipiki, tukainyanyua, tukaendelea. Baada ya Thuci tulikuwa tumebaki watatu: mimi, shemeji, na mtu mmoja mnene kutoka Nairobi mwenye pikipiki kubwa kuliko zote, iliyokuwa inazama kila palipokuwa na maji. Wengine wote walikuwa mbele. Ramani tuliyotumiwa kwenye simu haikufunguka kwa yeyote kati yetu. Tukabaki na utepe tu.

Karibu na Kanja tulifika kwenye njia panda. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Upande wa kulia, kwenye mti wa makadamia, palikuwa na tepe za njano, mbili, zimefungwa vizuri kwa fundo la maua.

"Kona," akasema yule wa Nairobi.

"Au hatari," nikasema.

Tukakata kona. Mbele kidogo tuliona utepe mwingine kwenye nguzo ya stima, na mwingine kwenye ua wa majani ya nepia, na mwingine tena. Shemeji alifurahi. Akasema huku Embu wameweka alama vizuri kuliko upande wetu. Tulishuka mteremko mbaya kando ya mashamba ya kahawa, tukapanda kidogo, tukaona mahema meupe ndani ya boma moja kubwa, moshi wa jikoni, na watu wengi. Mtu wa Nairobi akainua mkono hewani. Tulikuwa tumefika mahali pa chakula.

Geti lilikuwa limefungwa. Ndani yake wanawake wamesimama wamejipanga, wamevaa vitenge vya aina moja na mabuti ya mpira, wanaimba. Mmoja alitutazama kati ya vyuma vya geti akauliza kitu kwa Kiembu, kisha akarudia kwa Kiswahili.

"Nyinyi ni watu wa wapi?"

"Tumetoka Meru," nikasema.

Wakapiga vigelegele. Nilishangaa, lakini nilikuwa nimechoka na mashangao ya siku hiyo yalikuwa mengi, nikaliweka hilo pamoja na mengine.

"Watu wa Meru hawaingii bila wimbo," akasema yule mwanamke.

Nilimtazama shemeji. Shemeji akamtazama mtu wa Nairobi. Yeye alivua kofia, akajifuta uso, akatwambia kwa sauti ya chini kwamba safari nyingine za namna hii huwa na majaribio madogo kwenye vituo, mtu anaulizwa maswali au anaruka kamba. Kisha akaimba wimbo wa watoto wa Shule ya Jumapili, wote, na ishara za mikono. Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika geti asianguke. Wakafungua.

Tulipokelewa vizuri sana. Tulimiminiwa maji ya moto ya kunawa, tukaonyeshwa viti vya mbele chini ya hema lililopambwa. Wazee waliokuwa upande wa pili waliinuka kutusalimu mmoja mmoja. Shemeji alininong'oneza, "Hawa waandaaji wamejitahidi." Nilimwuliza mbona hatuoni pikipiki nyingine. Akafikiri kidogo, akasema labda wenzetu walishakula wakaondoka. Viti vilikuwa safi, havina tope hata kidogo. Niliona hilo, nikaliona waziwazi, na bado sikuelewa.

Mama mwenye boma alikuja akanitazama vizuri, akagundua kuwa mimi ni mwanamke. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Kumbe wewe ndiye anti," akasema. "Na umekuja na pikipiki mvua hii yote. Ngoja nikutoe hizi nguo."

Kwetu mwanamke yeyote wa umri wangu anaweza kuitwa anti, kwa hivyo sikubisha. Akanishika mkono akaniingiza ndani ya nyumba, akanipa sweta, leso mbili na mabuti yake ya mpira, maana viatu vyangu vilikuwa vimejaa maji. Akaniacha katika chumba cha kulala nibadilishe.

Chumbani mlikuwa na wasichana wanne au watano wamekaa kitandani, wamejifunika leso kichwani na mabegani, wote sawasawa. Nilipoingia walinyamaza. Mmoja wao akawaambia wenzake kitu, wakatoka, akabaki peke yake. Alijifunua uso. Alikuwa kama wa miaka ishirini na sita hivi, amepakwa rangi vizuri, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

"Anti, naomba nikuulize kitu kabla wazee hawajaanza," akasema.

"Niulize."

Nilidhani ni mambo ya shule. Watu wakijua mimi ni mwalimu huniuliza mambo ya shule hata kanisani.

"Yule mtoto wa Maua ni wake?"

Nilikuwa nimeinua mguu mmoja, nauingiza kwenye buti. Nikabaki hivyo.

"Mtoto gani?"

"Najua ni siri yenu. Lakini wewe ni mwanamke kama mimi. Kuna mtu alinitumia picha yake, na huyo mtoto ana masikio kama ya baba mkwe kabisa. Nilimwuliza kijana wenu, akasema ni wa jirani. Ukiniambia hapana nitaamini. Ukiniambia ndiyo, sitapiga kelele. Nataka tu kujua kabla sijatoka hapa."

Ndipo nikaanza kuelewa, vipande vipande, kwa mpangilio mbaya. Leso zilizofanana: mabibi arusi wa uongo wa kumchanganya bwana arusi achague wake. Wanawake wa getini. Wazee. Utepe wenye fundo la maua, ambao haukufungwa na chama chochote cha pikipiki bali na watu wa boma hili ili wageni wao kutoka Meru wasipotee. Hii ilikuwa ruracio, siku ya kuleta mahari, na mimi nilikuwa nimevaa mabuti ya mama wa bibi arusi.

"Mimi si anti yako," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa pikipiki."

"Ndiyo, mama amesema mmekuja na pikipiki."

"Hapana. Sikiliza. Mimi ni mwalimu. Niko katika safari ya pikipiki, tumepotea. Simjui mchumba wako. Sijui mtoto yeyote."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nimesimama mbele ya wasichana wengi waliokuwa wakiamua kama mwalimu anawadanganya, na ninaijua sura hiyo.

"Wamekukataza kusema," akasema. Akajifunika uso tena.

Kama ningekuwa na busara ningeketi kando yake nimshike mkono. Nilichofanya ni kumalizia kuvaa buti la pili na kutoka nje. Shemeji alikuwa anakula mukimo, viazi vilivyopondwa na mboga, pamoja na maharage meusi ya njahi. Nyama alikuwa ameiacha kando kwa adabu, akisema tumbo halijakaa sawa. Mtu wa Nairobi alikuwa amejazwa sahani mara ya pili, na mzee mmoja alikuwa anamsimulia habari za ukoo.

"Shemeji," nikamwambia, "hapa si kituo."

"Si kituo cha nini?"

Kabla sijajibu, simu ya mama mwenye boma ililia. Mtandao wa bonde hilo ni wa kubahatisha, akawa anatembea huku na huku akipaza sauti. Kisha akasimama. Akatutazama. Akasikiliza tena, akakata.

"Huyo ni anti," akasema polepole. "Wako chini kwa kijito. Magari yote yamekwama tangu saa nne. Anasema hawajatuma mtu yeyote mbele."

Wazee waligeuza viti wakatutazama.

"Sasa nyinyi ni nani?" akauliza.

Shemeji alimeza kilichokuwa mdomoni. Akasimama, akaeleza kwa Kiswahili chake cha mjini, kwa heshima nyingi, kuhusu chama, kiongozi, utepe, na mvua. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Mwisho aliomba msamaha kwa mukimo. Mzee mmoja, ambaye nadhani alikuwa baba wa bibi arusi, alianza kucheka taratibu kwa mabega tu. Akasema mgeni akishakula hawezi kufukuzwa, na kwamba kama tuna pikipiki za kupanda matope, na wageni wake wamekwama matopeni, basi yeye haoni shida iko wapi.

Tukashuka mpaka kijitoni. Matatizo yalikuwa kama anti alivyosema kwenye simu: magari mawili na lori dogo moja, yamelala pembeni kama ng'ombe waliokataa kuamka, na kundi la watu waliovalia vizuri wamesimama kwenye nyasi, wameshika viatu mkononi. Palikuwa na wazee wa Meru, kijana mmoja aliyevaa suti ya rangi ya bahari ambaye nilimkisia mara moja kuwa bwana arusi, na wanawake wenye vyondo vya kusukwa mabegani. Mzee mmoja alikuwa amekumbatia bunda la miraa ya heshima, ile inayofunguliwa mahari ikikubaliwa, lililofungwa kwa majani ya mgomba, akilikinga mvua kwa mwili wake.

"Muga," nikawasalimu kwa Kimeru. Walifurahi kusikia lugha yao. Tukaanza kuwabeba mmoja mmoja, tukiwapandisha mlima. Vijana wa bodaboda wa Kanja nao walikuja kusaidia. Mimi, kwa kuwa ni mwanamke, nilipewa wanawake.

"Anti ni nani?" nikauliza.

Akajitokeza mama mmoja mkubwa wa mwili, mpole, mwenye miwani iliyojaa manyunyu. Alinishika kiunoni kwa nguvu, chondo chake katikati yetu. Ndani yake mlikuwa na kibuyu cha asali, nakumbuka kwa sababu kilinichoma mgongoni njia nzima.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Hayakuwa mambo yangu. Nilijiambia hivyo wakati wa kuwasha pikipiki, na nilijiambia hivyo tena tulipoanza kupanda. Katikati ya mlima tairi la nyuma likaanza kuimba bila kusonga, nikatoa klachi vibaya, na tukalala chini wote wawili, polepole, kama nilivyokuwa nikilala siku nzima. Hakuna aliyeumia. Kibuyu hakikupasuka. Tuliketi pale kwenye tope, yeye na kitenge chake kipya, mimi na mabuti ya mtu mwingine, na wengine walikuwa mbali, wengine juu, wengine chini.

"Kuna kitu nimeambiwa ambacho ni chako," nikasema. Tulikuwa tunaongea Kimeru, na nilijisikia kama naongea na shangazi yangu halisi. "Bibi arusi alidhani mimi ni wewe. Ameniuliza kama mtoto wa Maua ni wa kijana wenu."

Alivua miwani. Akatafuta mahali pakavu pa kuifutia kwenye nguo yake, hakupata, akaivaa tena hivyo hivyo.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia mimi si wewe. Hakuamini."

Maji yalikuwa yanapita kando yetu katika alama za tairi.

"Huyo mtoto ninamlea mimi," akasema. "Ni msichana. Ana miaka minne. Mama yake alimwacha kwangu akaenda kutafuta kazi Uarabuni. Kijana aliniomba ninyamaze mpaka siku ya leo ipite. Aliniambia, anti, ikipita leo nitamwambia mwenyewe."

"Na wewe unaonaje?"

"Wewe ungeonaje?"

Nilifikiri. Mimi ni mtu wa hesabu. Nimezoea kwamba ukilitazama swali kwa muda wa kutosha linaanza kukuonyesha mlango. Hili halikunionyesha kitu. Nikisema amwambie, ninavunja siku ya watu ambao sijui hata majina yao. Nikisema anyamaze, nitamkumbuka yule msichana chini ya leso.

"Sijui," nikasema.

"Hata mimi sijui," akasema. "Tuamshe hii pikipiki."

Tuliiamsha. Alishika upande wa nyuma kama alivyokuwa akifanya shemeji, na alikuwa na nguvu kuliko shemeji. Tulipofika getini wanawake walikuwa wameanza kuimba upya, sasa kwa wageni wa kweli. Yeye hakungoja wimbo. Alimwambia mama mwenye boma kitu sikioni, wakaenda pamoja moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba, matope yote, na mlango ukafungwa.

Sikuona kilichofuata, kwa sababu simu ya shemeji ililia na kiongozi wa msafara alikuwa upande wa pili, amekasirika. Wenzetu walikuwa wamefika kituo cha kweli, wakala, wakatungoja, na sasa walikuwa wanapanga kututafuta mtoni. Jua, kama lilikuwepo, lilikuwa limeshuka. Tulipaswa kuondoka. Nilimtafuta mama mwenye boma nimrudishie mabuti, lakini mlango ulikuwa bado umefungwa. Bwana arusi alikuwa amesimama nje yake, na suti yake ya bahari ilikuwa na tope mpaka magotini. Aliniuliza kama najua wanaongea nini ndani. Nikasema mimi ni mtu wa pikipiki tu. Hilo lilikuwa kweli, lakini lilitoka mdomoni kama uongo.

Tulimalizia safari kwa lami, tukaingia Embu mjini, mimi bado nimevaa mabuti ya mpira. Tulipewa medali kama wengine. Kiongozi aliniuliza tulipotelea wapi, nikaanza kumweleza, nikaona uso wake unavyobadilika, nikaacha katikati. Mtu wa Nairobi alimwambia kwamba chakula cha kituo cha Kanja kilikuwa kizuri sana. Usiku nilipolala nyumbani kwangu nilikuwa bado naendesha. Kitanda kilikuwa kinateleza kushoto nikikielekeza kulia.

Wiki kadhaa zikapita. Sikuweza kuacha kufikiria. Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni, nasimama, nimesahau nilikuwa nasema nini. Niliona kwamba labda nimevunja nyumba ambayo haijajengwa. Siku nyingine niliona nimefanya vyema. Sikukaa upande mmoja kwa siku nzima hata mara moja. Mwishowe nikaosha mabuti, nikakunja leso na sweta, na Jumamosi moja kavu nikaenda Kanja peke yangu. Utepe ulikuwa umeshatolewa, nikapotea mara mbili kabla ya kulipata boma.

Mama mwenye boma alikuwa anaanika kahawa. Alinitambua kabla sijavua kofia.

"Anti," akasema, ingawa sasa alijua vizuri mimi si anti. "Karibu."

Alinipa chai, akanisimulia. Siku ile anti wa kweli aliingia chumbani, akaketi kitandani na matope yake, akasema kila kitu. Waliongea mpaka wazee nje wakaanza kulalamika. Kisha binti akatoka bila kufunikwa, bila kungoja kuchaguliwa, akasimama mbele ya pande zote mbili. Alisema hakatai mtu, lakini mahari haitapokewa mpaka mtoto aletwe aonekane. Wazee wa Meru waliona wamedharauliwa. Baba yake aliwaambia wale chakula kwanza, hasira baadaye. Wakala. Wakarudi na miraa yao ikiwa bado imefungwa.

"Nilikulaumu," mama aliniambia bila ubaya. "Siku mbili hivi. Nilisema yule mtu wa pikipiki ametuletea mkosi. Halafu nikasema, afadhali. Sijui. Bado kuna asubuhi naamka nakulaumu."

"Hata mimi," nikasema.

Wakati huo mtoto wa kike alitoka nyuma ya jiko akimfukuza kuku, amevaa gauni kubwa kuliko yeye. Masikio yake yalikuwa yamejitokeza pande zote mbili. Sikuhitaji kuuliza. Nyuma yake akaja bibi arusi, mikono ina majivu, nywele zimefungwa kitambaa. Bila rangi usoni alikuwa mdogo zaidi.

Alinisalimu. Akaketi kwenye kiti kidogo karibu nami, akamwita mtoto, akaanza kumfuta pua.

"Anti yake anamleta akae wiki, anamrudisha, anamleta tena," akasema. "Sasa hataki kurudi."

"Na baba yake?"

"Anapiga simu kila siku. Ameomba msamaha mpaka maneno yameisha." Alimwachilia mtoto, akamtazama akikimbia. "Huyu nimempenda. Baba yake bado sijaamua. Mtu anaweza kuanza hivyo?"

Nilipuliza chai yangu, nikanywa kidogo.

"Na siku ile," akasema, akinitazama kwa ile sura ya wasichana wa darasani, "kweli hukujua?"

"Kweli sikujua."

"Mbona ulisimama na mguu mmoja juu, kama mtu aliyeshikwa?"

Nilifungua mdomo kueleza kuhusu buti, na uchovu, na jinsi nilivyokuwa nikielewa kwa mpangilio mbaya. Niliona kwamba maelezo yote ni ya kweli na hakuna hata moja litakalosaidia. Mama yake akaongeza chai kwenye kikombe changu bila kuniuliza. Akasema mvua inakuja upande wa mlimani, niingize pikipiki chini ya ghala la kahawa, na nisubiri. Nikaisukuma, binti akishika upande wa nyuma, na tukaketi ndani watatu tukimngoja mtoto arudi na kuku.